Je, Mgonjwa ni Kitu cha Kuchunguzwa Tu?

Yako maradhi ambayo Jean-Martin Charcot, tabibu wa Ufaransa, aliyaeleza mwaka 1869. Maradhi hayo huziua neva ziamrishazo misuli. Mikono na miguu hulegea, kusema na kumeza huwa shida, na mwishowe pumzi hushindwa. Lakini mara nyingi akili hubaki timamu. Dawa ya kuyaponya haijapatikana, na wengi wapatwao nayo hufariki katika miaka michache.

Hapo huzuka swali la haki. Je, yafaa kumwomba mtu aliyebakiwa na siku chache azitoe kwa uchunguzi ambao huenda usimfae yeye mwenyewe? Na kama yafaa, ni nani aupange uchunguzi huo?

Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni ya wataalamu peke yao. Husema kuwa mgonjwa hana elimu ya utabibu, tena ameshikwa na tamaa ya kupona, kwa hiyo hawezi kupima mambo kwa uadilifu. Hoja hii yaonekana nzito, lakini tuitazame kwa mambo yaliyokwisha tokea.

Mwaka 2008 watafiti wa Italia walitangaza kuwa dawa iitwayo lithiamu huyachelewesha maradhi haya. Walioijaribu walikuwa wagonjwa 16 tu. Wagonjwa wengi wa nchi mbalimbali hawakungoja; waliitumia, nao wakaandika hali zao katika mtandao wa PatientsLikeMe, ulioanzishwa Marekani mwaka 2004 na jamaa za mgonjwa mmoja wa maradhi haya. Habari za wagonjwa 149 zikalinganishwa na za wenzao wasioitumia. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa: lithiamu haikuwafaa. Mwaka 2013 uchunguzi wa madaktari wa Uingereza, uliowahusu wagonjwa 214, ulitoa jibu lile lile.

Yafaa tuzingatie mambo mawili hapa. Kwanza, kutumia dawa isiyothibitishwa kulikuwa na hatari, kwani lithiamu ikizidi mwilini huwa sumu. Hivyo bidii ya mgonjwa haiondoi haja ya mtaalamu. Pili, watu hao walitamani sana dawa ifae, na hata hivyo habari walizoziandika wenyewe ndizo zilizoonyesha kwamba haifai. Basi yu wapi asemaye kuwa mgonjwa hawezi kuitumikia kweli?

Tena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari hupima nguvu za misuli. Lakini anayemwuguza mgonjwa nyumbani ndiye ajuaye kwamba safari fupi ya hospitali huanza alfajiri, kwa kumwogesha, kumvika na kumbeba, na kwamba kidonge kikubwa hakipiti kooni. Uchunguzi uliopangwa bila kumwuliza huyo huwaelemea wanyonge, na wengi huuacha katikati. Hapo elimu yenyewe hupata hasara.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: yafaa kumwomba mgonjwa, mradi aulizwe tangu mwanzo na si mwishoni, wakati wa kutia sahihi tu. Aelezwe wazi kwamba huenda asifaidike. Aulizwe ni jambo gani lapasa kutafutwa. Kisha aarifiwe matokeo, hata yakiwa machungu. Mtu anayetoa siku zake za mwisho kwa ajili ya wale watakaougua baada yake ni mshirika katika kazi hiyo, na mshirika hafichwi hesabu.