Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Jina la baba



Umemlea mtoto wa marehemu kaka yako tangu ananyonya. Leo unamjazia fomu ya cheti cha kuzaliwa, umefika palipoandikwa "Jina la baba". Unawaza: nikiweka langu kuna ubaya gani? Baba anayemjua si ni mimi?

Zaid bin Haritha, Mtume (s.a.w.) alimfanya mwanawe, hadi watu wakawa wanamwita Zaid bin Muhammad. Ikashuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, Zaid akarudishiwa jina la Haritha. Mapenzi hayakupungua. Kilichorudi kwa mwenyewe ni jina tu. Sasa kama Mtume hakuachiwa hilo, mimi na wewe ni nani?

Ukiandika ukweli, thawabu yako ya kulea yatima haipotei. Ukiandika uongo, hata kwa huruma, umemfutia nasaba yake. Kesho akidai mirathi ya babake, atathibitisha kwa cheti gani? Na wanao wa kuzaa watasema nini siku ya kugawa ya kwako?

Na asiyejulikana baba yake? Aya hiyohiyo imemtaja: ni ndugu yetu katika dini. Tusimwaibishe.

Fomu nyingi za shule zina nafasi ya mlezi. Hapo ndipo pako, jaza bila unyonge. Na kama ulishakosea, nenda ofisi ya usajili ukaulize namna ya kurekebisha.

Allah atutakabalie funga zetu. Aamin.