Mvua ya Pugu, Maji ya Buguruni

Tuchukue fundi mmoja wa makochi, Buguruni kwa Mnyamani. Jina lake halina haja, maana walio kama yeye bondeni ni wengi: kijana mchapakazi, ana banda la mabati karibu na mfereji, cherehani moja, vijana wawili anaowafundisha kazi, na oda za kutosha kuendesha maisha. Si mjinga na si mvivu. Tena ana kitu ambacho baba yake hakuwahi kuwa nacho: simu inayomwonyesha upepo wa Bahari ya Hindi nzima ukitembea kwa rangi. Kila usiku kabla ya kulala huitazama. Wenzake humwita mtu wa hali ya hewa, na jina hilo amelipenda.

Ilikuwa Aprili, katikati ya masika. Bandani kulikuwa na seti nzima ya makochi ya mteja wa harusi. Advansi ilishaishia kwenye kitambaa na mbao, na sponji mpya ilikuwa imepangwa sakafuni kwa sababu kichanjani palikuwa pamejaa. Jioni, mama anayekaanga mihogo ng'ambo ya njia akaja kumwonya.

"Mwanangu, kule Pugu kumefunga tangu adhuhuri. Vipandishe hivyo vitu juu."

"Usihofu mama. Nimeangalia kwenye simu, Buguruni ni asilimia 20 tu."

Mama akarudi kwenye karai lake. Alikuwepo Desemba 2011, jiji lilipopata mvua kubwa kuliko zote zilizorekodiwa tangu 1954, watu zaidi ya 40 wakafa, na serikali ikawahamishia Mabwepande baadhi ya waliopoteza nyumba. Aliyeyaona yale hangoji simu imwambie lini ahofu.

Usiku ule Buguruni yalidondoka manyunyu tu, hata mabati hayakupiga kelele. Saa tisa usiku maji yalikuwa yamemfika fundi magotini.

Aliyewahi kuona sponji ikilowa maji ya Msimbazi anaijua hasara hiyo. Huyanyonya kutoka chini, kimya kimya, na asubuhi inakuwa nzito kiasi kwamba watu wawili wanahangaika kuinyanyua. Ukiikamua hutoa maji meusi yenye harufu ya vyoo na ya mabaki ya machinjio. Ukiianika juani itakauka, lakini mtu akiikalia kwa muda, joto la mwili huirudisha ile harufu upya. Mbao hupinda. Kitambaa cha velveti hubaki na mstari wa tope pale maji yalipokomea, na mstari huo hautoki kwa sabuni yoyote. Seti ile haikuuzika, na mwenye harusi alitaka fedha yake.

Fundi akaikasirikia simu. Hapo ndipo nataka tusimame, kwa sababu simu haikumdanganya. Iliulizwa kama mvua itanyesha Buguruni, ikajibu kwamba uwezekano ni mdogo, na kweli haikunyesha zaidi ya manyunyu. Alichopaswa kuuliza ni kama maji yatafika Buguruni, na jibu la swali hilo halikuwa Buguruni. Lilikuwa Pugu.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Unateremka kama kilomita 35, unapita Vingunguti, Buguruni, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini penye daraja la Salender. Mvua ikipiga vilimani jioni, maji yake hayana njia nyingine ya kwenda baharini. Zamani miti na udongo wa huko juu vilikunywa sehemu kubwa, na yaliyobaki yalishuka taratibu. Leo mapaa, saruji na lami vinayateremsha yote kwa mkupuo, na yanakuta mkondo umejaa mchanga na taka. Ndiyo sababu barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani mara kwa mara masika, wakati mwingine mvua ya mjini ikiwa imeshakatika. Mtu wa bondeni anayeangalia utabiri wa mtaa wake peke yake ameangalia nusu tu ya jambo, tena ile nusu nyepesi.

Hata hiyo asilimia 20 ina mambo yake. Programu nyingi za bure za simu hazina mtu aliyeketi akaitazama Dar es Salaam. Huchukua namba kutoka kwenye kompyuta kubwa za Marekani au Ulaya, ambazo huigawa dunia katika miraba na kukokotoa hali ya hewa ya kila mraba. Mfumo wa Marekani unaotumiwa na wengi, GFS, hutoa namba zake kwa miraba yenye upande wa kilomita 27 hivi. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kuimeza Buguruni pamoja na Pugu, wakati wingu la ngurumo lenyewe huenda lina upana wa kilomita chache tu. Kompyuta haiwezi kusema litasimama juu ya kilima kipi. Halafu asilimia 20 ni uwezekano, haisemi mvua itakuwa kubwa kiasi gani. Maana yake ni kwamba katika siku kumi za namna hiyo, mbili zitanyesha, na mojawapo inaweza kuwa mvua ya kubomoa nyumba.

Na kuna mtego wa saa, ambao nimeona unawakamata hata watu waliosoma vizuri. Picha za satelaiti na chati za wataalamu huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Chati ikiandikwa 03:00 UTC, Dar es Salaam ni saa kumi na mbili asubuhi. Lakini watu wa Buguruni wakiona 03:00, mmoja husema saa tisa usiku, mwingine husema saa tatu, na wote wawili wamekosea. Tovuti nyingine, Windy ikiwemo, hubadilisha saa zikafuata za simu yako, nyingine hazibadilishi. Kabla hujamwambia jirani mvua itaanza lini, tafuta kwenye picha palipoandikwa UTC, ongeza saa tatu, ndipo uigeuze iwe saa ya Kiswahili.

Lakini kosa kubwa la fundi halikuwa kwenye ramani za rangi. Alasiri ile Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imetoa angalizo la mvua kubwa kwa maeneo machache ya mikoa ya Dar es Salaam na Pwani. Aliliona, likapita kidoleni kwake kati ya matokeo ya mpira na salamu za ndugu. Aliposoma "maeneo machache" alijiambia Buguruni haimo. Aliposoma "Pwani" alifikiria Rufiji na Mafia. Hakukumbuka kwamba Kisarawe iko mkoa wa Pwani, na kwamba Kisarawe ndiko maji yake yanakoanzia.

Taarifa za TMA zina mpangilio wake, na kuusoma si kazi ngumu. Mvua kubwa kwao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ngazi ya kwanza ni angalizo, rangi ya njano. Inafuata tahadhari, rangi ya machungwa. Kisha tahadhari kubwa, nyekundu. Chini ya ramani huandikwa mambo mawili ambayo wengi hawayafikii: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Kuna siku uwezekano ni mdogo lakini athari ni kubwa, na kwa mtu mwenye banda kando ya mfereji hiyo ni siku ya kupandisha vitu. Kuvipandisha bure ni jasho la nusu saa. Kutovipandisha ni mtaji wote.

Najua jibu la mtaani: TMA nao husema, mvua isije. Mfano unaotajwa daima ni Jobo. Aprili 2021 kimbunga hicho kilielekea pwani yetu, tahadhari ikatolewa, watu wakajiandaa, kikadhoofika baharini na jiji likaamka salama. Tangu hapo nimesikia wengi wakilitaja jina hilo kama ushahidi kwamba wataalamu wanabahatisha. Mimi nasema lile halikuwa kosa. Kimbunga hula joto la bahari, na kikikutana na hewa kavu au pepo za juu zinazokipasua, hunyong'onyea ndani ya saa chache. Anayetoa tahadhari hana haki ya kusubiri mpaka awe na uhakika, kwa sababu uhakika hufika pamoja na maji.

Miaka mitatu baadaye likaja jina jingine. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Dar es Salaam ilipata upepo na mvua, lakini kusini, upande wa Kilwa, mafuriko yalikata barabara na madaraja kwenye njia kuu ya Lindi na Mtwara. Aliyesema "hii ni Jobo nyingine" huku akisafirisha bidhaa kwenda Lindi alikwama. Anayedhani vimbunga havitufikii kabisa asome habari za Zanzibar, Aprili 1872, na za Lindi, Aprili 1952.

Siku za namna hiyo ndipo makundi ya WhatsApp hugeuka hatari. Video ya mawimbi ya nchi nyingine husambazwa ikiwa na maneno ya Kiswahili chini yake, na sauti ya mtu asiyejitaja inasema bahari itaingia mjini saa sita usiku. Wasomaji wa ramani kama fundi wetu huchangia bila kujua: mmoja hupiga picha rangi nyekundu ya upepo kwenye simu, haweki tarehe wala saa, na kesho yake picha ile ile inazunguka kama ya leo. Taarifa ya hali ya hewa isiyo na tarehe, saa na jina la aliyeitoa isipelekwe kwa mtu yeyote, hata iwe imetoka kwa shemeji.

Sitaki mtu aache kuzitazama tovuti hizi. Kwangu ni neema kubwa, na mtoto wa Buguruni mwenye bando la siku leo anafungua milango ambayo zamani ilikuwa ya wasomi wachache. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeiweka mtandaoni, tangu 2017, Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, kitabu ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 1896. Majina yake yanatokana na kazi ya Luke Howard, mfamasia wa London, ya mwaka 1802. Aina kuu ni kumi tu. Mwanafunzi akiipitia kwa juma moja huku akitazama juu, atatofautisha mavundevunde ya mchana wa kaskazi, yasiyo na madhara, na wingu la ngurumo, kumulonimbasi, lenye tako jeusi na kichwa kilichotanda bapa kama fuawe ya mhunzi. Hilo la pili ndilo mama wa mihogo aliloliona limesimama Pugu. Hakuhitaji jina lake la Kilatini, ila macho yake yalikuwa yameshafunzwa.

Satelaiti za Meteosat za Ulaya hutupiga picha kila robo saa. Kwenye picha za joto, weupe mkali ni vilele vya mawingu vilivyopanda juu sana kwenye baridi, na weupe unaotanuka haraka juu ya Kisarawe jioni ni habari ya kumwamsha jirani. Fundi wetu angeifungua hiyo saa moja usiku, badala ya asilimia ya mtaa wake, angekuwa na saa kadhaa za kubeba sponji.

Na ipo Ramani Huria, ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu imechorwa na watu wa hapa. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, walipita katika kata zinazofurika wakichora nyumba, njia na mitaro, wakiwauliza wenyeji maji hufika wapi. Kazi yao imo kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, bure. Anayekaa bondeni anaweza kuona mfereji ulio nyuma ya nyumba yake unatoka wapi na unamwaga wapi, na akaamua mapema, kwa mwanga wa mchana, njia ipi atapita na watoto.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenyeviti wa serikali za mitaa wa Buguruni, Vingunguti na Kigogo. Masika huanza Machi na vuli huanza Oktoba. Teueni kijana mmoja mwenye simu kila mtaa, awe na kazi moja jioni: kusoma taarifa ya TMA mpaka mstari wa mwisho. Siku ikitaja mkoa wa Pwani, itangazwe kwa kipaza sauti mpaka kwa Mnyamani jioni hiyo hiyo, watu wakiwa bado macho.