Je, Sikio Ni Lako Peke Yako?

Mama akisema mara tatu na mzee asijibu, watu husema ana kiburi. Mara nyingi ni masikio. Baadaye mzee huacha mazungumzo, hata ya jumuiya ndogo ndogo, akabaki na huzuni. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja kutosikia vizuri kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, lakini yanayoweza kurekebishwa.

Basi mzee ana haki ya kukataa kupimwa? Mtume Paulo (1 Kor 7:4) anampa mke mamlaka juu ya mwili wa mumewe. Sisi twayaacha hayo chumbani tu. Sikio nalo ni mwili. Akikataa, anamnyima mkewe mtu wa kuongea naye. Mama naye asipige kelele: amtazame usoni, aseme polepole, waende zahanati pamoja. Huenda ni nta tu imeziba.