Hofu ya Kijana na Simu Yake

Huko Katavi, magharibi mwa Tanzania, mvua zikichelewa mto Katuma hukauka, na viboko husongamana matopeni kwa mamia. Tena maji mengine huzuiliwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Kijana wa Mpanda aiogopaye kesho akiitazama picha hiyo katika simu, akawapelekea wenzake wakaliwazana, je, ni upuuzi?

Hasha! Mwenye hofu akijua hayuko peke yake hupata nguvu. Lakini nguvu hiyo ni amana. Akiishia kutazama usiku kucha, hofu humzidi. Basi kwa simu hiyo hiyo na awaite wenzake na wakulima, wakae wagawane maji kwa haki. Liwazo lisilozaa kitendo ni usingizi tu.