Udongo Ulioshuka Nametsi

Jumatatu, Machi 1, 2010, mvua ilinyesha bila kupumzika wilayani Bududa, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Watu wa kijiji cha Nametsi wakakimbilia penye kuta imara: zahanati na maduka ya senta. Udongo ukaporomoka, ukafunika zahanati na waliomo. Watu zaidi ya 300 walikufa au hawakuonekana tena. Wengi hawakufukuliwa kamwe.

Tukasema ni mvua. Lakini Wagisu, wenyeji wa miteremko hiyo, wameishi na mvua hiyo vizazi na vizazi. Tuutazame mteremko wenyewe. Mwamba wa volkano umeoza, ukawa udongo wa mfinyanzi wenye kina kirefu. Maji huzama humo hadi yagonge mwamba mgumu, yakatuama, na udongo wote wa juu ukabaki umelalia utelezi. Kinachosaidia kuushikilia ni mizizi ya miti mikubwa. Sasa shamba linagawanywa kila kizazi. Mringaringa unaangushwa, panapandwa maharage, na mzizi wa mharage hauendi mbali ardhini. Kisha kijana anaoa, anataka kiwanja. Tambarare hakuna, basi anaushika mlima kwa jembe, anaukata mguuni mpaka apate sakafu, na nyuma ya nyumba panabaki ukuta wa udongo mtupu. Ule aliouondoa ndio uliokuwa ukiuegemeza mlima. Simlaumu, hakuachiwa ardhi nyingine.

Baada ya maafa ya 2010, mamia ya familia zilihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima. Baadhi wakarudi, kwa kuwa kahawa, ndugu na makaburi ya wazee vilibaki kule juu. Oktoba 11, 2018 tope na mawe vikashuka tena Bududa, vikaua watu zaidi ya 40.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Ufa wa mlimani haukupi nafasi ya kujenga chochote. Ndugu yangu unayelima Elgon, Uluguru, Upare au Marakwet, kila masika zunguka nyuma ya nyumba yako. Ukikuta ardhi imepasuka mstari unaokata shamba, miti imeinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, au chemchemi imechomoza mahali pakavu, usingoje kupambazuke. Beba watoto, mgongee na jirani wa bondeni, mkalale mbali na mteremko huo. Kahawa mtairudia jua likiwaka.