Funga Iliyokubaliwa na Iliyokataliwa

Mtu anayeanza kuichunguza dini mara nyingi huuliza: Mwenyezi Mungu ananufaika nini mja Wake akishinda na njaa? Swali hili si geni. Kurani Tukufu (2:184) inatufahamisha kwamba funga walifaradhiwa pia watu waliotangulia, nayo inalitaja kusudi lake, yaani ucha Mungu. Basi yafaa tuvifungue vitabu vya hao waliotangulia, tuone ilikuwaje kwao.

Neno la Kiebrania la funga ni ‘tzom’, nalo ni ndugu wa neno la Kiarabu ambalo sisi Waswahili tumelipata kuwa saumu. Lakini Taurati inapowaamuru Wana wa Israeli wafunge siku ya kumi ya mwezi wa saba (Mambo ya Walawi 16), haikulitumia neno hilo. Inawaambia waziadhibu nafsi zao. Msomaji na aangalie vema: kinachotakiwa kudhilishwa ni nafsi, na tumbo ni mlango tu wa kuifikia.

Wengi waliishia mlangoni. Katika Isaya 58 watu wanalalamika kwamba wamefunga, na Mungu hakuwatazama. Jibu walilopewa ni kali. Waliambiwa kwamba siku ile ile ya funga yao waliwalemea wafanyakazi wao, wakagombana hata kupigana ngumi, kisha wakainamisha vichwa kama matete na kulalia majivu. Funga anayoitaka Mungu, asema Nabii huyo, ni kuwafungua waliofungwa kwa dhuluma, kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Hata leo Wayahudi huisoma sura hiyo katika masinagogi asubuhi ya siku yao kuu ya kufunga. Nasi Waislamu tusidhani kwamba maneno hayo hayatuhusu. Yuko mtu ambaye hakosi daku hata siku moja, na huku mshahara wa mtumishi wake ana miezi miwili hajaulipa.

Lakini hakuna mahali ambapo jambo hili limedhihirika kuliko 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake huko Yezreeli. Nabothi akakataa kuliuza, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akajilaza kitandani, akageuza uso wake, akasusa chakula. Hiyo haikuwa funga, ilikuwa hasira ya mtoto aliyenyimwa kitu.

Ndipo mkewe, Yezebeli, akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia mhuri wake, kuwaamuru wazee wa mji watangaze funga! Nabothi akaketishwa mbele ya watu, mashahidi wawili wa uongo wakasema kwamba amemtukana Mungu na mfalme, akatolewa nje ya mji na kupigwa mawe hata akafa. Ibada ikafanywa kuwa pazia la mauaji. Wala haielezwi kwamba hata mmoja wa wale wazee alikataa. Inawezekana kabisa kwamba walifunga kweli siku ile, na midomo yao ilikuwa mikavu walipookota mawe.

Ahabu akashuka kulitwaa shamba, na humo akamkuta Nabii Eliya a.s. Aliposikia adhabu iliyomngoja, alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga, akawa akienda kwa unyenyekevu. Na hapa msomaji hushangaa, kwani Mwenyezi Mungu aliitazama funga ya muuaji huyo! Alimwambia Eliya kwamba, kwa kuwa Ahabu amejidhili, mabaya hayo hayataletwa katika siku zake. Basi asikate tamaa mtu yeyote mwenye kuogopa kwamba dhambi zake zimeshaifunga njia.

Hata hivyo, adhabu ile iliahirishwa tu, haikufutwa. Ilielekezwa siku za mwanawe. Kwa nini? Tuwatazame watu wa Ninawi katika kitabu cha Yona. Mfalme wao aliamuru wafunge wote (hata ng’ombe na kondoo walinyimwa maji), tena akaamuru kila mtu aiache dhuluma iliyo mikononi mwake. Imeandikwa kwamba Mungu aliyaona matendo yao, jinsi walivyoiacha njia yao mbaya, naye akawaondolea adhabu. Marabi wa kale waliliona jambo hili, wakawa wakiwakumbusha watu siku za funga ya ukame kwamba haikuandikwa kuwa Mungu aliona magunia yao na kufunga kwao.

Kuhusu Ahabu imeandikwa kwamba alifunga na kuvaa gunia. Haikuandikwa popote kwamba aliwarudishia watu wa Nabothi shamba lao. Na katika 2 Wafalme 9, mwanawe Yoramu alipouawa, maiti yake ilitupwa katika shamba lile lile.