Jua Halichoki, Betri Huchoka

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga, na hapo njia hugawanyika: moja yaendelea Masasi, na moja yapinda kwenda Ruangwa. Wazee wetu walisema ya kuwa njia panda ilimshinda fisi, maana alisikia harufu ya nyama pande zote mbili, akataka kuzifuata zote, akapasuka. Leo twataka kunena habari ya njia panda nyingine. Kijana amemaliza kidato cha sita, asema, "Nataka kazi ya umeme wa jua, wa upepo na wa maji, maana ndiyo kazi ya siku hizi. Nisome uhandisi gani?" Baba yake, aliyeuza korosho miaka mingi ili amsomeshe, hunyamaza, maana hajui la kujibu. Basi sisi walimu yatupasa kujaribu.

Kwanza, asidanganywe na jina. Ziko shahada zenye jina la nishati jadidifu, na jina hilo lapendeza masikioni. Lakini na aitazame kazi yenyewe. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilianza kutoa umeme mwaka 2024, nalo lina mitambo tisa iwezayo kutoa megawati 2,115. Ukuta wake ni kazi ya wahandisi wa ujenzi. Magurudumu yazungushwayo na maji ni kazi ya wahandisi wa mitambo. Jenereta na nyaya ni kazi ya wahandisi wa umeme. Elimu hizo ni za zamani, wala hazikuzaliwa pamoja na jina jipya. Mti husimama kwa mizizi, si kwa maua. Aliyejifunza umeme au mitambo kwa mizizi yake aweza kuongeza elimu ya jua baadaye. Aliyesoma maua tu, siku vyombo vibadilikapo hana pa kushika.

Lakini liko swali kubwa kuliko hilo: shahada yenyewe ni ya nini? Yapata mwaka 2011 wanawake wa vijiji vya Mtwara na Lindi, wenye elimu ndogo ya shule, walikwenda Tilonia katika nchi ya India, katika chuo kiitwacho Barefoot College, wakajifunza kwa miezi sita kuunda na kutengeneza taa za jua. Chuo hicho hufundisha kwa rangi, kwa ishara na kwa mikono, ili asiyejua lugha asishindwe. Ikiwa mama wa kijijini aweza kuwasha taa pasipo shahada, kijana wetu atakaa chuoni miaka minne akitafuta nini?

Twajibu hivi. Tumeona paneli juu ya paa la jengo la watu wote, zikilitazama jua, na chini yake watu wamekaa gizani. Jua halikukosekana. Betri ilikuwa imechoka, na siku ya kuzindua taa hizo hapana aliyehesabu itadumu miaka mingapi, wala nani atatoa fedha za kununua nyingine. Wale wanawali wapumbavu wa Injili hawakukosa taa. Walikosa mafuta ya akiba. Kazi ya mhandisi ni kuyahesabu mafuta hayo kabla ya usiku: nyumba ngapi zitawashwa, siku ngapi zitakuwa za mawingu, gharama ni kiasi gani, na nani atabaki na spana mkononi. Hesabu hiyo ndiyo aendayo kuitafuta.

Wengine husema, mtu akiisha kupata shahada yu huru kwenda penye mshahara mnono. Hatumfungi, wala hatumwambii ni lazima arudi kulala Nanganga. Lakini kila aendako atakutana na watu wasioweza kuipima kazi yake, kama baba yake asivyoweza, watamwamini tu. Hapo ndipo penye deni. Akiwauzia kitu ambacho ajua kitakufa upesi, amekuwa mwizi atumiaye hesabu badala ya panga. Bodi ya Usajili wa Wahandisi hupima elimu yake na ujuzi wake kabla ya kumwandikisha; moyo wake hupimwa na Mungu.

Basi, kijana, kabla ya kuandika jina la shahada, jiulize: Je, nitakubali kurudi kuitazama betri ile mwaka wa tano, wakati ngoma za sherehe zimekwisha kunyamaza? Ukikubali, chagua mizizi, uende. Nanyi wazazi, mtoto apendaye kazi ya mikono kuliko hesabu msimsukume kwa ajili ya joho. Fundi mwaminifu aitunzaye taa ya zahanati ni bora kuliko mhandisi aliyeiacha izimike. Fisi hakupotea kwa kukosa njia. Alipotea kwa kufuata pua yake. Sisi tumepewa akili na dhamiri; tuchague kwa hizo.